Uwanja wa mazoezi wa farasi wenye paa: je, mita 20 bila nguzo ya katikati zinawezekana kwa mbao za Mafinga?

#1 Mwana wa Mafinga (mleta mada)
Wakuu, kamwene. Nina farasi sita, mmoja wao wa kimo kifupi ambaye watoto humpanda, shambani kwetu nje kidogo ya mji wa Mafinga. Kila mwaka mvua zinapoanza, mwishoni mwa Novemba, kazi ya kuwafundisha husimama hadi Aprili, na wale wadogo wawili niliowaanzisha Agosti husahau hata kufuata kamba. Nimeamua kujenga banda jipya la kulala pamoja na uwanja wa mazoezi wenye paa. Vitabu nilivyosoma vyote vinataja mita 20 kwa 40. Nimepeleka mchoro kwa mafundi wawili: wa kwanza alicheka, wa pili akanipa hesabu ya chuma ambayo ningeweza kununulia farasi wengine na chenji ikabaki. Nami nimezungukwa na paina za Sao Hill, na viwanda vya mbao viko kila upande. Je, kuna mtu amewahi kufunika upana wa mita 20 kwa mbao bila kuweka nguzo katikati? Na kama haiwezekani, nipunguze nini?

#2 Fundi Paina
Nimeezeka makanisa na maghala kutoka Ifunda hadi Igawa, kwa hiyo nitajibu bila kuzunguka. Kenchi (ile fremu ya pembetatu inayobeba paa) ya mbao iliyopigiliwa misumari naiamini hadi mita 10, na nikibanwa sana mita 12. Mbao zetu nyingi huuzwa za futi 12, yaani kama mita 3.6, hivyo ubao wa chini wa kenchi ya mita 20 utakuwa na vipande sita na viungo vitano, na kila kiungo ni mahali ambapo paa litaanza kulegea. Unaweza kufunga bolti na bamba za chuma kwenye viungo hivyo, lakini hapo umeanza kukirudia kile chuma ulichokikimbia. Jenga mita 12 kwa 24. Utaezeka mita za mraba 288 badala ya 800, na mafundi wa hapo hapo Mafinga wataimaliza kazi.

#3 Saisi Mstaafu
Fundi amelisemea paa, mimi naomba nimsemee farasi, kwa kuwa yeye hakualikwa kwenye uzi huu. Kipimo cha mita 20 hakikuokotwa: duara la msingi la kumfundishia farasi lina kipenyo cha mita 20, na uwanja wa 20 kwa 40 umebeba maduara mawili ya namna hiyo kwa urefu wake. Huo ndio uwanja mdogo. Mashindano ya kimataifa hutumia wa 20 kwa 60. Ukimzungusha farasi kwa kamba kwenye duara la mita 12, tena kila siku, tena akiwa na miaka mitatu, unamlazimisha kujipinda kuliko viungo vyake vinavyostahimili, na uzito wote unaulalia mguu wa ndani. Kwenda matiti anaweza (ni neno la zamani la mwendo wa farasi, wa kasi kuliko kutembea, vijana msicheke), lakini kwenda shoti, yaani mbio, kwenye duara hilo ni kumharibia kano. Chini ya kipenyo cha mita 15 mimi nisingefundisha farasi mkubwa, hata kama paa ningepewa bure.

#4 Kilolo Juu
Kwa nini paa, ndugu mleta mada? Mvua zetu za masika huanguka zaidi mchana na jioni. Amka saa kumi na moja, fundisha hadi saa nne, kisha mvua ije. Kinachowasimamisha watu si mvua yenyewe, ni tope linalobaki baada yake. Fedha ya bati itie ardhini: ondoa udongo wa juu wote wenye mizizi, chimba mifereji pembeni, weka moramu (udongo wa changarawe) ya sentimita 15 na uishindilie ikiwa na unyevu kidogo, uipe mwinamo wa asilimia 1 au 2, kisha mwaga mchanga wa sentimita 7 au 8 juu yake. Nimefanya hivyo miaka minne iliyopita, na mvua ikikatika nasubiri kama saa moja tu kabla ya kutoa farasi.

#5 Mwana wa Mafinga
Nakushukuru, Kilolo Juu, na hesabu ya moramu nimeiandika. Lakini upande wetu, hasa ukielekea kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, mvua haina adabu ya kusubiri mchana. Mwezi Juni na Julai, wakati wenzetu wa Iringa mjini wanaona jua, sisi tuna ukungu na manyunyu ya baridi yanayoweza kudumu siku tatu. Pia sina kisima cha kuaminika, na paa nalitaka kwa ajili ya maji vilevile.

#6 Mwalimu wa Hesabu
Hilo la maji lina uzito kuliko linavyosemwa. Kwenye mita za mraba 800, mvua ya milimita 10 inakupa lita 80,000. Farasi sita wa kwako hata wakinywa lita 40 kila mmoja kwa siku, ni lita 240 tu. Mvua moja inakutosha kiangazi kizima.

#7 Fundi Paina
Mwalimu, rudi ubaoni. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja.

#8 Mwalimu wa Hesabu
Nimekubali kosa, ni lita 8,000, na naomba wanafunzi wangu wasiuone uzi huu. Hata hivyo hoja imesimama: kiangazi cha siku 200 kinahitaji kama lita 48,000, na hizo ni milimita 60 tu za mvua kwenye paa lile kubwa, au kama milimita 170 kwenye paa la Fundi la mita za mraba 288. Zote mbili mnazipata kabla msimu haujafika nusu. Kinachobaki ni tangi la kuyahifadhi, na hilo nalo lina bei yake.

#9 Jirani wa Makambako
Kabla hujanunua hata ubao mmoja, mleta mada, sikiliza yaliyonikuta. Mwaka juzi nilijenga paa la mita 14 kwa 28, kenchi za paina, nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, wazi pande zote nne ili hewa ipite. Bati lilikuwa la geji 32, limepigiliwa kwenye papi (mbao za juu ya kenchi zinazoshika bati) kwa misumari ya kawaida ya bati. Lilikaa miezi mitano. Alasiri moja ya Oktoba, kabla hata ya mvua ya kwanza, upepo ulikuja na nusu ya paa ikainuka yote kwa pamoja, kenchi na papi zake, tukaikuta kwenye shamba la jirani. Farasi walikuwa malishoni, namshukuru Mungu. Nguzo zilibaki zimesimama kama kwamba hakuna kilichotokea. Nimeuliza watu wanne na nimepewa sababu nne.

#10 Mhandisi wa Uyole
Pole sana, Jirani. Sababu ninayoiona ni moja. Paa lililo wazi pande zote hupokea upepo kwa chini na kwa juu. Ule wa juu hulivuta na ule wa chini hulisukuma, nalo linataka kuruka kama mwavuli. Watu wetu wanajenga wakiuwazia uzito wa paa kushuka, ilhali paa la bati juu ya mbao ni jepesi mno. Kwa kuwa nguzo zilibaki, tatizo halikuwa msingi bali kiungo cha kenchi na nguzo. Msumari unavutika. Ilipaswa kuwa bolti inayopita kwenye nguzo, au ukanda wa chuma unaozunguka kenchi na kushuka kwenye nguzo kwa urefu wa mkono.

#11 Fundi Paina
Mhandisi amesema kweli lakini ameruka hatua. Jirani, mbao zako ulizinunua zikiwa zimekauka? Mbao ya paina ikitoka kiwandani inavuja maji. Ukiipigilia mbichi, inakauka ikiwa juu, inasinyaa, na msumari unabaki kwenye tundu pana kuliko wenyewe. Miezi mitano, tena ya kiangazi, ndiyo muda hasa wa kukauka. Msumari huohuo kwenye mbao kavu usingetoka.

#12 Mzawa wa Njombe
Mimi naona kosa lilikuwa bati. Geji 32 ni nene mno na nzito, lilizielemea kenchi zikalegea.

#13 Mhandisi wa Uyole
Kinyume chake, ndugu. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bati jembamba lingechanika kwenye misumari na kuruka karatasi moja moja. Jirani amesema kenchi ziliondoka pamoja na bati, maana yake bati lilishika vizuri kuliko kilicho chini yake.

#14 Saisi Mstaafu
Naomba kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Chini ya paa hilo kulikuwa na nini siku ile?

#15 Jirani wa Makambako
Shikamoo mzee. Kulikuwa na marobota ya nyasi. Tulikuwa tumevuna nyasi za Rhodes tukazipanga upande wa magharibi, karibu zifike kwenye kenchi. Upepo ulitoka mashariki, kama kawaida yake hapa kwetu. Mbao sikuziuliza kama ni kavu. Zilikuwa nzito, hilo nakumbuka, maana vijana walilalamika.

#16 Saisi Mstaafu
Marahaba. Basi hukuwa na paa lililo wazi pande nne. Upepo uliingia mashariki ukakuta ukuta wa nyasi magharibi, haukuwa na pa kutokea ila juu.

#17 Mhandisi wa Uyole
Mzee amenipiku. Kizuizi chini ya paa lililo wazi huongeza msukumo wa kwenda juu, na hilo ningepaswa kuliuliza kwanza. Bado sikubali kwamba nyasi peke yake zinatosha bila ule udhaifu wa viungo.

#18 Fundi Paina
Nami sikubali kwamba viungo vilikuwa dhaifu siku vilipojengwa. Vilidhoofika mbao zilipokauka.

#19 Jirani wa Makambako
Sasa nina sababu tano. Fundi aliyejenga anasema ni mapenzi ya Mungu, kwa hiyo ni sita.

#20 Daktari wa Mifugo, Mbeya
Turudi kwa mleta mada, kwani ametaja pia banda la kulala na hakuna aliyeligusa. Kizimba cha farasi mkubwa kiwe mita 3.6 kwa 3.6, yule mfupi anatosheka na mita 3 kwa 3. Mlango usiwe chini ya mita 1.2, na njia ya katikati iwe mita 3 au zaidi ili farasi aweze kugeuzwa bila kugonga nyonga. Ila kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote ni hewa. Watu wa nyanda za juu tunaogopa baridi kwa niaba ya farasi, tunaziba kila tundu, kisha tunamwita daktari kwa sababu farasi anakohoa. Farasi mzima aliye mkavu anastahimili baridi ya nyuzi 5 bila shida. Kinachomuumiza ni kulowa huku akipigwa na upepo, na kinachomuua polepole ni amonia ya mkojo na vumbi la nyasi zenye kuvu. Acha uwazi chini ya mapaa pande zote mbili, na uwazi mwingine kileleni chini ya kofia ya paa, ili hewa ya moto ipande na kutoka.

#21 Mzawa wa Njombe
Mita 3.6 kwa 3.6? Farasi atakuwa na chumba kikubwa kuliko nilichopanga nikiwa chuo.

#22 Mama wa Ifunda
Naomba kumuunga mkono daktari kwa kisa changu. Sisi tulinunua shamba lenye mabanda ya zamani ya kukaushia tumbaku: tofali za kuchoma, marefu, imara, bila madirisha. Tuliona tumeokota dhahabu. Tukaweka vizimba, tukamwaga maranda ya paina kutoka kiwandani, na ndani ya miezi miwili farasi watatu kati ya wanne walikuwa wakikohoa kila asubuhi. Tulitoboa madirisha upande mmoja. Kikohozi kilipungua ila hakikuisha. Mume wangu anasema ni masalia ya tumbaku kwenye kuta, mimi nasema ni maranda.

#23 Daktari wa Mifugo, Mbeya
Mama, maranda ya paina si mabaya kwa farasi, ila lile vumbi laini la msumeno ndilo linaloingia mapafuni. Chekecheni, au nyunyizieni maji kidogo. Na madirisha ya upande mmoja hayapitishi hewa. Yanahitaji wenzao upande wa pili. Nyasi mnazihifadhi wapi?

#24 Mama wa Ifunda
Darini, juu ya vizimba.

#25 Daktari wa Mifugo, Mbeya
Basi hapo napo nina la kusema. Kila mnapoangusha nyasi, vumbi linawashukia farasi vichwani. Tena nyasi zilizofungwa kabla hazijakauka hupata joto zenyewe hadi kuwaka, na dari lenu liko juu ya wanyama waliofungiwa milango. Stoo ya nyasi iwe jengo la peke yake. Pumba na mahindi pia yakae mbali na kavu kabisa: mahindi yaliyoota kuvu yanaweza kuozesha ubongo wa farasi, hata kama ng'ombe wako wanayala bila shida, na sisi wa mikoa ya mahindi ndio tulio karibu na hatari hiyo.

#26 Kilolo Juu
Daktari, mbona unaacha wazi kila mahali na hujataja tauni ya farasi? Ugonjwa ule huletwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, nao huuma zaidi jioni na alfajiri. Nilifundishwa kuwaingiza farasi ndani kabla jua halijazama na kufunga. Banda lako la hewa ni mlango wazi kwa visubi.

#27 Daktari wa Mifugo, Mbeya
Umenishika mahali penye ugumu wa kweli. Chanjo ndiyo ngao ya kwanza. Kwa jengo, weka neti kwenye uwazi wote, ila iwe ya matundu madogo sana, kwa kuwa kisubi hupenya chandarua cha kawaida. Neti hiyo nayo inapunguza hewa na inaziba kwa vumbi, kwa hiyo ni lazima isafishwe. Mimi mwezi Machi na Aprili ningefunga neti, Julai ningeiondoa. Wenzangu wengine wangeiacha mwaka mzima.

#28 Msomaji wa Vitabu
Kuhusu uelekeo wa jengo, kitabu changu kinashauri upande ulio wazi uelekee kusini ili jua la msimu wa baridi liingie ndani.

#29 Mwalimu wa Hesabu
Hapa najikomboa. Kitabu chako kimeandikwa Ulaya. Sisi tuko kusini ya ikweta, Mafinga ni kama nyuzi 8 na nusu, na mwezi Juni jua letu la adhuhuri linasimama upande wa kaskazini. Upepo wa baridi wa miezi hiyo unatoka kusini-mashariki. Mleta mada aweke jengo lake kwa urefu wa mashariki hadi magharibi, azibe kusini, afungue kaskazini. Akifuata kitabu atawaanika farasi kwenye upepo na kulipa jua kisogo.

#30 Jirani wa Makambako
Azibe kusini? Halafu upepo ukigeuka na kuingia kaskazini, utokee wapi? Nimeshauona mchezo huo.

#31 Mhandisi wa Uyole
Aizibe hadi kimo cha kichwa cha farasi, juu pabaki wazi. Sasa nitoe pendekezo langu, kwa kuwa Fundi na Saisi wameachiana mita nane bila kupatana. Jengeni mita 16 kwa 32: nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zenye mita 6, zikizama mita 1.2 ardhini na kuzungushiwa zege, halafu kenchi nyepesi za chuma zilizochomelewa, moja kila mita 4. Papi na mabanzi ya pembeni yawe ya paina. Chuma kinatumika pale tu ambapo mbao imeshindwa. Kimo chini ya kenchi kisipungue mita 4 kwa ajili ya mpandaji.

#32 Mzawa wa Njombe
Mimi ningeacha katikati wazi kabisa. Uwanja uwe 20 kwa 40, paa liwe kama baraza la mita 4 linalouzunguka pande zote, farasi apite chini yake. Paa linakuwa mita za mraba 416, karibu nusu, na hakuna kenchi inayozidi mita 4. Hata mjomba wangu anaweza kulijenga.

#33 Saisi Mstaafu
Ni wazo la akili, kijana, hadi goti la mpandaji litakapokutana na nguzo ya ndani. Halafu katikati patakuwa bwawa Januari yote.

#34 Mzawa wa Njombe
Nguzo tutazivisha matairi chakavu. La bwawa, tumwite Kilolo Juu na moramu yake.

#35 Mama wa Ifunda
Mhandisi ametaja nguzo zenye dawa. Farasi wangu mmoja anatafuna kila mbao anayoifikia, na ile dawa ya kijani ina arseniki. Sisi tumepigilia ukanda wa bati kwenye kingo zote. Vipande vinavyobaki msivichome wala kuvipikia.

#36 Fundi Paina
Ushauri mzuri, mama. Kuna wanaopaka oili chafu badala yake kuzuia mchwa. Kwa farasi hiyo nayo si ya kulambwa. Mleta mada, mita 16 za Mhandisi nazikubali kwa sharti moja: papi zikae kivulini zikikauka miezi mitatu, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati.

#37 Mwana wa Mafinga
Nawashukuru nyote. Jumamosi nilichomeka vigingi nikazungusha kamba ya duara la mita 16, nikamtoa yule jike mdogo. Matiti alikwenda vizuri. Shoti alikata kona na kunivuta. Kwenye mita 18 alitulia. Mhandisi, kenchi zako za chuma zikienda mita 18, bei inapanda kwa kiasi gani?

#38 Mhandisi wa Uyole
Kuliko unavyotarajia, kwa sababu si urefu tu unaoongezeka, kina cha kenchi na unene wa bomba navyo vinapanda. Niletee kipimo cha udongo wa pale kwanza.

#39 Saisi Mstaafu
Mjaribu tena baada ya wiki mbili kwenye mita 16, akizunguka upande mwingine. Wengi hukata kona upande mmoja tu.